Nimeongeza Kinga Miezi 8, Pumu Imezidi

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 33, na pumu ninayo tangu nikiwa darasa la nne. Nafanya kazi masijala, yaani kutwa niko na mafaili, mengine yamenizidi umri. Pumu yangu haikuwa ya kutisha. Ilikuwa inakuja na kuondoka, nami nilikuwa na inhela mbili: ile ya bluu ya kufungua kifua, na nyingine ya kuvuta asubuhi na jioni hata nikiwa mzima.

Mwaka jana wifi yangu aliniambia kwamba hiyo ya pili ni steroidi, inaua kinga ya mwili na inanenepesha. Akasema pumu inaletwa na kinga dhaifu, ndiyo maana mafua ya wenzangu huishia puani lakini yangu hushuka kifuani. Akaniletea vidonge vya kuongeza kinga, mchanganyiko wa mitishamba na chavua ya nyuki. Niliona maneno yake yanaingia akilini. Inhela ya steroidi nikaiacha, maana hata hivyo sikuwa naona inanifanyia nini. Unavuta, hakuna kinachobadilika. Ya bluu ndiyo naiona kazi yake: dakika chache tu, kifua kimeachia.

Sasa ni miezi 8. Mwanzoni nilijiona sawa, lakini siku hizi inhela ya bluu yenye pafu 200, yaani mivuto 200, inaniishia kwa mwezi, wakati zamani ilikuwa inanifikisha karibu nusu mwaka. Tena kuna kitu kinanishangaza. Nikishika mafaili ya zamani, kufika saa 10 jioni napiga chafya na kifua kinabana kidogo. Navuta ya bluu, kinaachia, narudi nyumbani mzima. Halafu usiku, kati ya saa 4 na saa 6, kinabana upya, tena vibaya kuliko jioni, na chumbani kwangu hakuna faili hata moja. Mume wangu anasema ni mawazo. Vidonge vya aleji vinanisaidia chafya na macho kuwasha, kifua hapana.

Nilipima damu. Wakaandika eosinofili 640 kwa mikrolita, na IgE ipo juu. Aliyenipa majibu alisema harakaharaka, "Kinga yako iko juu," akaita mgonjwa mwingine. Nimechanganyikiwa. Iko juu au iko chini? Vidonge niongeze au nipunguze? Nimesikia pia kuna sindano za kutuliza kinga kwa wenye pumu, je, nizitafute? Tunapanga kuongeza mtoto, kwa hiyo sitaki kujijaza dawa.

Wako, Nisiyelala

* * *

Marahaba mwanangu.

Naanza na jambo ambalo wewe umelipita mbio. Inhela ya bluu ya pafu 200 inakuishia kwa mwezi. Hizo ni 12 kwa mwaka. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, unasema anayemaliza 3 au zaidi kwa mwaka ana hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, na anayefikia 12 hatari yake ya kufa kwa pumu imepanda. Kwa hiyo nenda kliniki wiki hii, si mwezi ujao. Na ile inhela uliyoandikiwa kisha ukaiacha, kama unayo na tarehe yake haijapita, irudie leo hii kwa kipimo ulichopewa. Haya mengine utayasoma ukishapanga safari hiyo.

Sasa hilo la juu na chini. Wifi yako na huyo aliyekupa majibu wote wameizungumzia kinga kama maji ya kwenye tangi, yanapanda na kushuka. Kinga haiko hivyo. Ina matawi kadhaa, kila tawi na adui wake. Lipo la kupambana na bakteria, lipo la virusi, na lipo moja ambalo kazi yake ya asili ni minyoo. Mnyoo ni mkubwa mno, hakuna chembe nyeupe inayoweza kummeza, kwa hiyo tawi hili lilijifunza kumfukuza: linamwaga ute, linabana misuli, linamrushia sumu. Mambo hayo yakifanyika utumboni kwa ajili ya mnyoo yana maana. Yakifanyika ndani ya mirija ya hewa, kwa ajili ya vumbi la faili, hiyo ndiyo pumu yako. Kwa hiyo huna kinga dhaifu. Una tawi moja la kinga lililochachamaa na kukosea adui.

Hebu tufuatane na hilo vumbi tangu unapofungua faili.

Vumbi la karatasi kuukuu hubeba mbegu za ukungu, na mara nyingi huwa na mabaki ya utitiri, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Kinyesi cha utitiri kina kimeng'enya kinachokata vifungo vinavyoshikanisha seli za utando wa njia ya hewa. Utando ukishajeruhiwa hivyo, seli zake hupiga ukunga: hutoa kemikali za tahadhari zinazoamsha kila aliyeko jirani. Chini ya utando kuna seli za dendriti, ambazo zina mikono mirefu kama matawi. Zinaokota kipande cha kile kilichoingia, zinakipeleka kwenye tezi za limfu, na kukionyesha kwa seli T. Kwa mtu asiye na mzio, mara nyingi jibu la seli T ni kwamba hapa hakuna jambo. Kwako wewe, zamani sana, pengine kabla hata ya darasa la nne, baadhi ya seli T ziligeuka kuwa seli saidizi za aina ya 2. Aina hizi mbili, ya 1 na ya 2, zilitenganishwa mwaka 1986 na Mosmann na Coffman kwa kuchunguza panya, na tangu hapo ndipo pumu ya mzio ilipoanza kueleweka kama kazi ya tawi moja mahususi.

Seli hizo za aina ya 2 hazikubani kifua zenyewe. Zinatuma wajumbe. Mjumbe anayeitwa intaleukini 4 huenda kwa seli B na kuziambia ziache kutengeneza kingamwili za kawaida, zitengeneze IgE. Intaleukini 5 hufika mpaka kwenye uboho wa mifupa kuagiza eosinofili, chembe nyeupe za tawi hili, na zikishafika mapafuni huzizuia zisife upesi. Intaleukini 13 haina safari ndefu. Inafanya kazi palepale kwenye mirija, inazidisha seli za kutoa ute na kuifanya misuli iwe na wenge, ikiguswa kidogo tu, inajikaza. Wajumbe hawa watatu utawakuta tena nikifika kwenye sindano zako.

IgE ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Ilitambuliwa mwaka 1966 na mume na mke, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver, Marekani, na mwaka uliofuata watafiti wa Sweden wakaifikia kwa njia yao. Ni kingamwili adimu sana kwenye damu, kwa sababu haipendi kukaa kwenye damu. Hujishikiza kwenye seli masti, ambazo zimejipanga chini ya utando wa pua, macho na mirija ya hewa, kila moja imejaa vifuko vya histamini. Hapo seli imekuwa mtego uliotegwa, na IgE ndiyo ulimi wake. Wazee walishasema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Huu uliwekwa kwa ajili ya mnyoo, akaingia utitiri.

Sasa tuje kwenye saa zako, maana hapo barua yako ni nzuri kuliko maelezo ya wagonjwa wengi ninaowaona. Umegusa faili, chembe za vumbi zikagusa IgE, seli masti zikafyatuka. Hiyo huchukua dakika tu. Histamini inamwagika, na muda mfupi baadaye lukotrieni, kemikali nyingine ya kubana mirija, na misuli inabana. Hiyo ndiyo saa 10 yako. Unavuta ya bluu, misuli inalegea, na awamu ya kwanza ingepoa hata yenyewe ndani ya saa moja au mbili. Lakini seli masti zilipofyatuka zilipiga mbiu pia. Seli T na eosinofili zikaanza kutoka kwenye damu kuingia kwenye kuta za mirija, na safari hiyo huchukua saa 4 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Saa 10 jioni jumlisha saa 6, unapata saa 4 usiku. Zikifika, hazibani misuli tu. Ukuta wa mrija wenyewe unavimba na ute unajaa. Ndiyo maana ya usiku ni mbaya kuliko ya jioni. Usiku pia homoni ya mwili inayotuliza uvimbe, kotisoli, inakuwa imeshuka, na mto unaolalia una utitiri wake wenyewe. Mwambie mumeo si mawazo, ni ratiba.

Vidonge vya aleji vinazuia histamini, na chafya na macho kuwasha ni kazi ya histamini hasa. Kifuani mwenye sauti kubwa ni lukotrieni. Katika vipimo vya maabara zimeonekana kubana mirija kwa nguvu inayofikia mara 1,000 ya histamini. Kidonge chako hakizigusi, wala hakizigusi eosinofili. Ipo dawa ya kuzuia lukotrieni, montelukasti, ambayo baadhi ya wagonjwa huongezewa. Ukipewa hiyo, uliza kuhusu mabadiliko ya usingizi na ya hisia, kwani mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa wewe usingizi tayari ni taabu, mimi nisingeanza nayo.

Kuhusu 640. Wengi huwa chini ya 500, na kwa mwenye pumu, tukiona kuanzia 300 tunajua uvimbe wake ni wa hawa eosinofili na kwamba dawa ya steroidi ya kuvuta ina nafasi nzuri ya kumfaa. Kwa hiyo namba inayokutisha mimi inanipa matumaini. Ila kwa kuwa eosinofili hupanda pia kwa sababu ya minyoo, wenye haki yao ya asili, omba upimwe choo kabla ya kuhitimisha kwamba zote ni za pumu.

Na mafua yanayoshuka kifuani? Wifi yako aliona kitu cha kweli akakipa maelezo ya kubahatisha. Virusi vya mafua vinajeruhi utando wa njia ya hewa, utando unapiga ukunga uleule, na wanaoitikia ukunga huo si seli T peke yake. Kuna seli nyingine, za limfu za aina ya 2, zilizoelezwa vizuri kuanzia mwaka 2010, ambazo hazihitaji kumtambua adui kabisa. Zikisikia ukunga zinamwaga intaleukini 5 na 13 papo hapo. Moshi na hewa chafu huziamsha vilevile. Kwa jirani yako asiye na pumu mafua yanaishia puani kwa sababu mirija yake haikuwa imevimba tangu mwanzo. Yako inakuwa kama kidonda kibichi, kila kinachopita kinakiuma.

Sasa vidonge. Vingi vya namna hiyo havifanyi lolote linalopimika, na hilo ndilo afadhali. Tuseme vinafanya kazi kweli, vinaongeza kinga. Vitaongeza ya tawi lipi? Chako kina kitu kinachonisumbua zaidi: chavua ya nyuki. Nyuki wanakusanya chavua ya maua, ileile inayowatesa wenye mzio, na yapo matukio yaliyoandikwa kwenye majarida ya tiba ya watu wenye mzio waliopata mshtuko mkali baada ya kumeza chavua ya nyuki. Jeli ya malkia wa nyuki nayo ina historia hiyohiyo, tena kwa wagonjwa wa pumu hasa. Usiongeze, usipunguze. Acha.

Hapo nadhani unaanza kuona kwa nini inhela uliyoiacha ilikuwa haikuonyeshi kitu. Ya bluu, salbutamoli, inaiambia misuli ilegee, na misuli inatii ndani ya dakika chache, ikabaki imelegea kwa saa 4 hivi. Haitulizi uvimbe unaoletwa na seli nilizokutajia. Ni kama kufunga kengele ya moto kwa pamba: kelele zimepungua, jiko linaendelea kuungua. Vibaya zaidi, ikitumika kila siku bila mwenzake, hata kwa wiki moja au mbili tu, misuli huanza kuizoea, na uvimbe wa eosinofili huongezeka. Hiyo ndiyo sababu ya kutoka inhela moja kwa nusu mwaka mpaka moja kwa mwezi. Ulifikiri pumu imekua. Imekua, ndiyo, na matibabu yako yameisaidia.

Steroidi ya kuvuta inafanya kazi mahali ambapo huwezi kupasikia. Inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, inakwenda mpaka kwenye kiini, na huko inazima jeni zinazotengeneza wale wajumbe. Eosinofili zikikosa mjumbe wao zinakufa kimyakimya. Utando unaanza kupona. Kazi ya namna hiyo huchukua siku, na kupona kikamilifu ni wiki kadhaa, kwa hiyo anayesubiri kuisikia kwa dakika 5 ataiona ni upepo mtupu. Ukiiacha, vilevile haikuadhibu siku ya pili. Seli T zenye kumbukumbu bado zipo, zinarudia kazi yao polepole, na ndiyo maana ulijiona sawa mwanzoni ukaamini vidonge vimekuponya.

Je, inaua kinga na kunenepesha? Watu wanachanganya na vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, ambavyo vikitumika kwa muda mrefu hunenepesha kweli, hudhoofisha mifupa na hushusha kinga. Mtu mzima aliyepatwa na shambulio kali hupewa miligramu 40 au 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Budesonidi, ambayo ni steroidi ya kuvuta, kwa kiwango kidogo ni mikrogramu 200 hadi 400 kwa siku, yaani chini ya nusu miligramu, na sehemu yake inabaki pale inapotua. (Hizi dawa mbili hazilingani nguvu kwa uzito, kwa hiyo usigawanye hesabu ukadhani umepata uwiano kamili. Lakini unaona umbali.) Yenyewe ina adha zake: utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukwaruza. Sukutua mdomo kwa maji na uyateme kila ukimaliza kuvuta, na kama inhela yako ni ya kubonyeza, tumia spesa, kile chombo kitupu kinachounganishwa na inhela. Viwango vikubwa kwa miaka mingi vinaweza kugusa mifupa na macho, na ndiyo maana pumu ikitulia kwa miezi 3 hivi daktari anapaswa kujaribu kukushushia kipimo. Kuna kejeli moja hapa ningependa uipime: anayekwepa mikrogramu za kuvuta kwa hofu ya steroidi, mara nyingi ndiye anayeishia kupewa miligramu za kumeza akiwa hoi.

Ukifika kliniki, omba mzungumze kuhusu inhela ya pamoja, yenye steroidi na fomoteroli ndani ya kopo moja. Fomoteroli inafungua kifua upesi karibu sawa na ile ya bluu, na inadumu saa 12. Faida yake kwa mtu kama wewe ni kwamba kila unapobanwa na kuikimbilia, unavuta na kitulizo cha seli humohumo. Huwezi kuchagua unachokisikia ukaacha usichokisikia. Tangu 2019 GINA imeacha kabisa kupendekeza ya bluu peke yake kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Nasema haya kwa kuwa bado nakutana na wagonjwa wanaotoka kliniki na ya bluu tu mkononi. Na mwonyeshe muuguzi unavyovuta, usimsimulie. Ya kubonyeza huvutwa polepole na kwa kina, kisha unaibana pumzi kwa sekunde 10 hivi. Ya unga huvutwa kwa nguvu na haraka. Nusu ya "dawa haifanyi kazi" ninazoletewa huishia hapo.

Sindano zipo, na ni kazi nzuri. Ya kwanza, omalizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Inazikamata IgE kabla hazijafika kwenye seli masti, na mtego unabaki bila ulimi. Mepolizumabu, 2015, inamzuia mjumbe intaleukini 5. Benralizumabu, 2017, inazishika eosinofili zenyewe na kuziita seli nyingine zije kuziua. Dupilumabu inaziba mlango ambao intaleukini 4 na 13 wanautumia pamoja. Tezepelumabu ya 2021 inapanda juu zaidi mpaka kwenye ukunga, inanyamazisha mojawapo ya zile kemikali za tahadhari. Zote huchomwa chini ya ngozi, kila wiki 2 hadi 8 kutegemea ipi. Lakini ni za pumu kali, ile inayokaidi mtu akiwa anavuta dawa zake vizuri na kwa kipimo kikubwa. Wewe hujajua kama yako ni kali. Unachojua ni kwamba haijatibiwa kwa miezi 8. Ikiwa baada ya miezi 3 au 4 ya kuvuta vizuri bado unaamka usiku, hapo nitakuwa wa kwanza kukwambia uzitafute.

Kuna njia nyingine inayokwenda kinyume cha zote: kuifundisha kinga upya kwa kuipa kile kinachoichokoza, kidogokidogo. Leonard Noon aliichapisha London mwaka 1911 kwa wagonjwa wa chavua, kabla hata IgE haijajulikana. Siku hizi kwa utitiri kuna sindano na vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi. Inazidisha seli T za kudhibiti, zile ambazo utafiti wake ulimpatia Shimon Sakaguchi na wenzake wawili tuzo ya Nobel mwaka 2025, na taratibu mwili unaanza kutengeneza kingamwili nyingine zinazoziwahi chembe za vumbi kabla ya IgE. Ni ya miaka 3 au zaidi, inahitaji kupimwa kwanza ujue mzio wako ni wa nini hasa, na haianzishwi pumu ikiwa imechafuka kama yako sasa. Iweke akilini kwa baadaye.

Masijala sikwambii uache, lakini mafaili ya zamani yafutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kupanguswa makavu, vaa barakoa inayobana vizuri unapoyafungua, na kama kuna mwenzako asiye na mzio, badilishaneni rafu. Angalia pia kama siku za mapumziko unapumua vizuri zaidi. Kama ndivyo, mwambie daktari, kwa sababu hilo linabadilisha uzito wa jambo kazini. Nyumbani, shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, na mto ukipata mfuko usiopitisha utitiri ni vizuri. Sitakuahidi makubwa kwa hilo peke yake. Tafiti za kupunguza utitiri kwa njia moja tu zimetoa matokeo ya kusuasua.

Mtoto mnayempanga ni sababu ya kuvuta dawa, si ya kuiacha. Pumu iliyochafuka mimbani inamnyima mtoto hewa kama inavyokunyima wewe, na inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati na watoto wenye uzito mdogo. Budesonidi ya kuvuta imetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi na rekodi yake ni nzuri. Itulize kwanza, ndipo mpange.

Mpaka ufike kliniki: ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au ya bluu isipokupa hata saa 3 za nafuu, usisubiri asubuhi. Vuta ya bluu kwa spesa, pafu 4 hadi 10, rudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, huku ukiwa njiani kwenda hospitali, si kitandani. Mumeo alijue hili kwa moyo, kwa sababu saa hizo wewe hutaweza kumweleza.

Na wifi yako usigombane naye. Alikuona unateseka akaleta alichokuwa nacho. Mpe barua hii aisome kabla hujamrudishia chupa yake, maana umeniambia ina mitishamba na chavua, hukuniambia kama naye anameza.